Aposisheni ya Kiingereza: Lini Uweke Koma Kabla ya Jina, na Lini Usiweke

Soma sentensi hizi mbili taratibu:

My brother Peter lives in London.

My brother, Peter, lives in London.

Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Kwa Kiswahili zote mbili zitakuwa "Kaka yangu Peter anaishi London." Lakini msomaji makini wa Kiingereza akiisoma ya kwanza anaelewa kwamba mwandishi huenda ana kaka wawili, watatu au zaidi, na anayesemwa hapa ni yule aitwaye Peter. Akiisoma ya pili anaelewa kwamba mwandishi ana kaka mmoja tu, naye anaitwa Peter. Hakuna aliyetaja idadi ya ndugu. Koma mbili ndizo zilizoitaja.

Wanafunzi wengi hukutana na aposisheni kama istilahi ya kukariri kwa ajili ya mtihani, kisha mtihani ukipita nayo hupita. Nadhani wanapunjwa. Koma hizi hubeba habari, na anayeziweka kwa kubahatisha humpa msomaji habari ambazo hakukusudia kumpa. Ukishaelewa jambo hilo moja, yaliyobaki hujipanga yenyewe.

Hatua ya 1: Tafuta majina mawili ya kitu kimoja

Aposisheni ni hali ya virai nomino viwili, yaani mafungu mawili ya maneno yanayotaja mtu au kitu, kukaa bega kwa bega, vyote vikimtaja mtu yuleyule au kitu kilekile, na vyote vikifanya kazi ileile katika sentensi. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, na maana yake ni kuweka kitu kando ya kingine. Kirai cha kwanza hutaja, cha pili hufafanua. Hicho cha pili nitakiita kirai fafanuzi.

Katika mifano nitamtumia zaidi Marie Curie, mwanasayansi aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867, kwa sababu ukoo wake ni darasa zuri la koma, kama utakavyoona.

Marie Curie, a physicist, moved to Paris in 1891.

"Marie Curie" na "a physicist" ni mtu mmoja. Ukitaka kuhakikisha, fanya majaribio mawili. Kwanza, chomeka kitenzi cha kuwa katikati yao: "Marie Curie was a physicist." Sentensi ikileta maana na ikawa kweli, umefika nusu ya njia. Pili, ondoa kimojawapo uone kama sentensi bado inasimama. "Marie Curie moved to Paris" inasimama. "A physicist moved to Paris" inasimama pia. Kila kimoja kinaweza kuwa kiima peke yake, basi hiyo ni aposisheni.

Majaribio haya yatakuokoa na vitu vinavyofanana nayo. Katika "the kitchen table" majina mawili yamekaa pamoja, lakini meza si jiko; jina la kwanza linaeleza tu aina ya la pili. Na katika "My father, he is a doctor", kosa ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulifanya kwa sababu tumezoea kusema "baba yangu yeye ni daktari", kiima kimetajwa mara mbili bila ufafanuzi wowote kuongezeka. Katika Kiingereza cha kuandika, kiwakilishi hicho hutolewa. Ama andika "My father is a doctor", ama ugeuze udaktari uwe kirai fafanuzi: "My father, a doctor, works at night."

Kuna kingine cha kutazama kwa karibu. "This is my sister, Mary." Mary ni nani hapa? Anaweza kuwa dada anayetambulishwa. Anaweza pia kuwa mtu anayeambiwa: Mary, huyu ni dada yangu. Katika mazungumzo sauti hutatua jambo hilo, lakini kwenye karatasi hakuna sauti. Kama unamsemesha Mary, mtangulize: "Mary, this is my sister."

Hatua ya 2: Uliza kama jina la pili linahitajika ili tumjue anayetajwa

Hapa ndipo ninapokuomba utulie zaidi, kwa sababu makosa mengi ninayokutana nayo katika kusahihisha maandishi huzaliwa hapa.

Swali ni hili: nikikifuta kirai cha pili, je, msomaji bado atajua ni nani au ni kipi ninachokisema? Akijua, kirai hicho ni nyongeza tu, nacho huzungushiwa koma. Asipojua, kirai hicho ndicho kinachomtambulisha anayetajwa, na koma haziingii.

Sasa tumchukue Marie Curie na jamaa zake. Alikuwa na mume mmoja, Pierre, aliyefariki mwaka 1906 baada ya kugongwa na mkokoteni wa farasi katika barabara ya Paris. Tunaandika:

Marie Curie's husband, Pierre, died in 1906.

Neno "husband" peke yake linatosha kumtambulisha. Jina Pierre ni taarifa ya ziada, kwa hiyo koma zipo pande zote mbili. Lakini alikuwa na mabinti wawili, Irène na Ève. Tukitaka kusema kwamba Irène alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1935, tunaandika:

Marie Curie's daughter Irène won a Nobel Prize in 1935.

Hakuna koma. Ukilifuta jina Irène, msomaji atauliza: binti yupi? Ukiweka koma hapo, umesema kwamba Marie Curie alikuwa na binti mmoja, na Ève umemfuta duniani bila kujua.

Tuendelee juu ya ukoo. Marie alikuwa na dada watatu na kaka mmoja. Dada mmojawapo, Bronia, alisomea udaktari Paris. Kaka aliitwa Józef, naye pia alikuwa daktari. Hivyo:

Her sister Bronia studied medicine in Paris.

Her brother, Józef, was also a doctor.

Sentensi mbili, ndugu wawili wa damu moja, na koma zimetofautiana kwa sababu ya hesabu ya watoto katika nyumba ya wazazi wao. Ndiyo maana nasema kanuni hii haikaririwi kwa macho. Lazima uujue ukweli wa jambo kabla ya kuweka koma. Mhariri anayesahihisha kazi ya mtu mwingine wakati mwingine hulazimika kumuuliza mwandishi moja kwa moja: una kaka wangapi?

Kanuni hiyohiyo hutawala vitu. "Her book, ..." ina maana kwamba ameandika kimoja, na "her first book, ..." hupata koma daima, kwa kuwa cha kwanza hakiwezi kuwa viwili. Maneno kama "first", "last", "only", "oldest" na "largest" ni ishara nzuri: yakiwemo katika kirai cha kwanza, jina linalofuata karibu kila mara huzungushiwa koma.

The largest planet, Jupiter, has dozens of moons.

The planet Jupiter has dozens of moons.

Katika ya pili, "the planet" peke yake ingeweza kuwa yoyote ile, basi koma zimeondoka.

Utawaona waandishi wazuri wanaoandika "her husband Pierre" bila koma, hasa katika barua na hadithi, wakilichukulia jina fupi kama sehemu ya kirai. Hilo huvumiliwa, na hakuna msomaji atakayedhani mke huyo ana waume kadhaa. Kosa la upande wa pili halivumiliki. Kuweka koma pasipostahili hupotosha habari, na kuacha koma hapa na pale huwa ni suala la mtindo tu. Katika insha, ripoti na barua rasmi, mimi hushauri ufuate kanuni kikamilifu.

Hatua ya 3: Koma ya kufungulia lazima ifungwe

Kirai fafanuzi cha nyongeza ni kama chumba chenye milango miwili. Kikikaa katikati ya sentensi, kinahitaji koma mbele na koma nyuma. Hili hapa kosa linaloonekana mara nyingi kuliko yote:

Marie Curie, the first person to win two Nobel Prizes was born in Warsaw.

Jicho linasoma "the first person to win two Nobel Prizes was born in Warsaw" kama sentensi kamili, na jina Marie Curie linabaki likining'inia mwanzoni, halijulikani linafanya nini. Koma moja baada ya "Prizes" inatibu kila kitu. Ukiona kirai fafanuzi kirefu, weka kidole kwenye koma ya kwanza, kisha tafuta ya pili kabla ya kufika kwenye kitenzi kikuu. Usipoiona, haipo.

Kikikaa mwishoni mwa sentensi, nukta hufanya kazi ya koma ya pili: "In 1895 she married Pierre Curie, a French physicist."

Kikikaa mwanzoni, koma ni moja tu, lakini sharti jipya linaingia. Jina linalofuata mara tu baada ya koma ndilo linalofafanuliwa.

A native of Warsaw, Marie Curie moved to Paris in 1891.

Hiyo ni sawa. Hii si sawa:

A native of Warsaw, Marie Curie's discoveries changed physics.

Kisarufi, mzaliwa wa Warsaw hapa ni "discoveries", yaani uvumbuzi wake ndio uliozaliwa Warsaw. Mwandishi alikuwa na mtu akilini, lakini neno lililokalia nafasi ni jingine. Rekebisha kwa kumrudisha mtu mahali pake: "A native of Warsaw, Marie Curie changed physics with her discoveries."

Hatua ya 4: Chunga vineno "a", "an" na "the"

Kiswahili hakina vineno hivi, kwa hiyo mkono wetu huviacha bila kujua. "Marie Curie, physicist, moved to Paris" inasomeka kama maandishi ya kadi ya utambulisho. Katika sentensi ya kawaida sema "a physicist" kama yeye ni mmoja kati ya wengi, na "the" kama yupo peke yake katika sifa hiyo: "the first person to win two Nobel Prizes". Ukianza na kazi kisha jina, ni "the physicist Marie Curie", bila koma, kwa kuwa wanafizikia ni wengi na jina ndilo linalomchagua.

Magazeti hulidondosha hilo "the" na kuandika "physicist Marie Curie". Ni mtindo wao na huokoa nafasi, lakini hata huko koma haiwekwi baina ya kazi na jina.

Cheo cha mtu mmoja kwa wakati mmoja kinaweza kukaa bila kineno chochote: "Nelson Mandela, president of South Africa from 1994 to 1999, was a lawyer." Hapo uko huru, "the president" ingekubalika vilevile.

Vyeo na majina yaliyokwisha kushikana hayahitaji kufikiriwa sana: Queen Victoria, Doctor Smith, Mount Everest, Lake Victoria, Alexander the Great. Koma haziingii kabisa.

Hatua ya 5: Vitu vikiwa vingi, badilisha alama

Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie waligundua elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Unaweza kuandika:

Two new elements, polonium and radium, were discovered in 1898.

Inaeleweka. Lakini ongeza kitu cha tatu na cha nne, na koma za orodha zitaanza kugongana na koma za aposisheni. Hapo tumia deshi, moja kila upande. Na orodha ikija mwishoni, nukta mbili ni safi zaidi: "They discovered two new elements: polonium and radium." Angalia tu kwamba maneno yaliyo kabla ya nukta mbili yanajitosheleza kama sentensi. "The two elements were: polonium and radium" haifai, kwa sababu "were" bado inasubiri kilicho chake.

Hatari kubwa iko hapa:

She worked with her brother, a chemist and a teacher.

Alifanya kazi na watu wangapi? Mmoja, yaani kaka ambaye ni mkemia na pia mwalimu. Au watatu: kaka, mkemia, na mwalimu. Sentensi hii haina jibu, na hakuna koma ya kuongeza itakayoiokoa vizuri. Usipoteze muda kuibembeleza, ivunje. Kama ni mtu mmoja: "She worked with her brother, who was both a chemist and a teacher." Kama ni watatu, badili mpangilio: "She worked with a chemist, a teacher and her brother."

Hatua ya 6: Itambue aposisheni inapovaa nguo nyingine

Haiji kila mara kwa koma. Katika "the city of Paris" na "the month of July", neno "of" linaunganisha majina mawili ya kitu kimoja: Paris ndio mji wenyewe, Julai ndio mwezi wenyewe. Hapa Kiswahili kinakwenda sambamba nacho: mji wa Paris, mwezi wa Julai. Lakini "the mayor of Paris" siyo, kwa sababu meya si Paris. Jaribio la kitenzi cha kuwa linatosha kuvitenganisha.

Neno "or" nalo linaweza kuwa aposisheni likizungushiwa koma: "The larynx, or voice box, is in the neck." Maana yake ni "yaani". Bila koma, "or" hurudi kuwa la kuchagua kati ya vitu viwili, na msomaji asiyejua "larynx" atadhani ni viungo viwili tofauti. "Namely" na "that is" zina maana hiyohiyo ya "yaani". "Such as" na "including" haziko katika kundi hilo, kwani hutaja sehemu tu ya kitu, wala si kitu chote kwa jina jingine.

Viwakilishi navyo huingia. "Sisi wanafunzi tunaomba" ni "We students ask". Ikiwa kundi hilo ni yambwa, yaani ndilo linalotendewa, kiwakilishi hubadilika: "They invited us students." Ukiwa na shaka, litoe neno "students" usikilize kinachobaki. "They invited we" haiingii sikioni.

Sura ya mwisho huwatesa wanafunzi wengi, ilhali anayejua Kiswahili ana ufunguo wake mfukoni. Tazama:

The news that Pierre had died reached Marie.

The news that the visitors brought shocked Marie.

Kwa macho, "that" ni moja. Zitafsiri, utaona tofauti papo hapo. Ya kwanza ni habari *kwamba* Pierre amefariki. Ya pili ni habari *ambayo* wageni waliileta. Panapodai "kwamba", kishazi kinataja habari yenyewe, kwa hiyo ni aposisheni: habari ni nini? Ni kwamba Pierre amefariki. Panapodai "ambayo", ni kishazi rejeshi kinachotuambia ni habari ipi. Kiingereza kimefunika tofauti hii kwa neno moja, nasi lugha yetu inaifunua. Inasaidia pia katika uandishi: palipo na "ambayo" unaweza kuweka "which" badala ya "that", na palipo na "kwamba" huwezi kamwe. "The news which Pierre had died" ni kosa. Majina yanayopenda aposisheni ya aina hii ni "fact", "idea", "belief", "hope", "claim" na wenzao.

Hatua ya 7: Unganisha sentensi zako mwenyewe

Chukua aya yenye sentensi fupifupi, kama hii:

Marie Curie was born in Warsaw. She was a physicist and chemist. Her husband was Pierre Curie. He was a physicist. They discovered two elements in 1898. The elements were polonium and radium.

Haina kosa hata moja, lakini inatembea kama mtu anayesimama kila hatua. Tafuta kila "was" na "were" iliyo kati ya majina mawili ya kitu kimoja, kwani hapo ndipo aposisheni imelala. Ondoa kitenzi, weka koma:

Marie Curie, a physicist and chemist, was born in Warsaw. In 1898 she and her husband, the physicist Pierre Curie, discovered two elements: polonium and radium.

Sentensi sita zimekuwa mbili. Tazama "her husband, the physicist Pierre Curie". Kuna aposisheni mbili humo, moja ndani ya nyingine. Ya nje ina koma kwa sababu mume ni mmoja; ya ndani haina, kwa sababu wanafizikia ni wengi. Ukiweza kuieleza sehemu hiyo kwa maneno yako mwenyewe, umeielewa mada.

Usijaze mno. Kirai fafanuzi kimoja katika sentensi huisaidia, viwili huibana, na kikiwepo cha tatu afadhali ukate sentensi. Kisha isome kwa sauti: kirai cha nyongeza husomwa kwa pumziko dogo kila upande, na sauti hushuka kidogo. Kirai kinachotambulisha hakina pumziko. Mara nyingi ulimi utakuambia ilipo koma kabla ya kalamu.

Jipime kwa sentensi hizi mbili, ukizikumbuka habari za familia ile. Zote nimeziandika bila koma:

Marie's daughter Ève lived to the age of 102.

Irène's sister Ève lived to the age of 102.

Moja iko sawa kama ilivyo. Nyingine inadai koma mbili. Marie alikuwa na mabinti wawili. Irène alikuwa na dada mmoja tu.